Pampu Haijui Kuhesabu

Marahaba, vijana wangu. Shikamoo zenu zimenifikia, na maswali yenu pia. Tangu nirudi kutoka Vietnam siwezi kupita stendi ya bajaji hapa Shinyanga bila mtu kunisimamisha. Mzee Sikio, ni kweli kule wanakula nyoka? Mzee Sikio, bahari ikoje? Kiongozi wa kikundi chenu cha wachimbaji naye akaniomba niwaandikie wanaoanza kazi, juu ya miaka yangu thelathini ya kusimika matimba, akasema nichanganye na habari za safari ili msichoke kusoma. Nitachanganya, tena bila shida, kwa sababu mambo hayo mawili yalikutana asubuhi moja ndani ya pango. Wa nyoka mnisamehe, sikuonja.

Kwa asiyenifahamu, matimba ni magogo tunayosimika ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ili mwamba usimwangukie mtu. Nimesimika Geita, nimesimika Bukombe, nimesimika kwenye vilima vya nyuma ya Kahama. Jina la Sikio nilipewa kwa sababu nilikuwa nagonga mwamba kwa mtaimbo, nasikiliza, kisha nasema ingieni au tokeni. Wanaume wazima waliingia na kutoka kwa neno langu. Nililipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Siku hizi linaniuma, lakini sijawakataza kuniita.

Aliyenifundisha ni Mzee Nkwabi, mtu wa Maswa, mwenye jino moja la mbele na hasira za karibu. Wiki ya kwanza hakunishusha shimoni. Alinipeleka mnadani kwa akina mama wauza vyungu, akaniamuru nifumbe macho, nigonge chungu kimoja kimoja kwa kidole na nitenge vizima na vyenye ufa. Nilivipatia vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja nilikivunja. Mwenye chungu alinikimbiza na mwiko hadi kwenye zizi la ng'ombe wa mnada. Nkwabi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akaniambia, "Ng'wana, leo umegonga kwa sifa. Ukigonga kwa sifa chini ya ardhi, hutakimbizwa na mwiko."

Basi shikeni haya. Ukifika mahali papya, simama chini ya mwamba uliokwisha kuupima, usisimame chini ya ule unaoupima. Nyoosha mtaimbo mbele yako, gonga, na kiganja cha mkono wa pili kiweke ukutani. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali inayokwenda mbali. Mwamba ulioachana unatoa sauti nzito inayofia hapohapo, na kiganja kitakuambia kabla ya sikio. Nyuma yako pasiwe na ndoo wala kamba ya kukukwaza. Kabari nayo usiipige kupita kiasi. Mimi niliwahi kuipiga moja mpaka watu wakanishangilia, ikalipasua dari badala ya kulishika, tukatoka tukitambaa, na Nkwabi hakusema nami siku tatu. Gogo la mti mbichi hulalamika kabla ya kukatika, lakini lililoliwa na mchwa halisemi kitu. Ninyi siku hizi mna nondo, nyavu za chuma na redio za mkononi, nami nafurahi. Ila betri huisha, ndiyo maana naendelea kuandika.

Kuna na jambo la kimya. Duara likiporomoka, kazi ya kwanza siyo kuchimba. Makarasha ya kusagia mawe yanazimwa, pikipiki zinazimwa, akina mama wanaombwa wazuie kilio. Msikilizaji analala kifudifudi, anaweka sikio kwenye bomba la chuma linaloshusha hewa ya kompresa, anagonga mara tatu na kungoja. Aliye hai huko chini anajua la kufanya, naye agonge mara tatu. Mpaka msikilizaji atamke neno, hakuna anayeruhusiwa kulia, hata mke wa mtu. Kwenye kilima chetu msikilizaji nilikuwa mimi.

Sasa safari. Binti yangu Kabula ameajiriwa na kampuni ya simu, nayo ikampeleka Vietnam kwa mafunzo ya mwaka mmoja, katika mji wa Da Nang ulio kando ya bahari. Akanitumia tiketi. "Baba," aliniambia kwenye simu, "umekaa chini ya ardhi maisha yako yote, njoo uone upana wa dunia." Nilikwenda na koti la kanisani na kilo mbili za unga wa dona, ambao walinitazama nao sana uwanja wa ndege.

Siku ya nne Kabula alinilipia ziara ya nusu siku, ile ya kuongozwa na mwenyeji, asubuhi hadi chakula cha mchana. Gari dogo lilitufuata hotelini. Tulikuwa kumi na mmoja, wazungu watano, familia moja ya Wakorea, Kabula na mimi. Kiongozi alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Hoa, mfupi, amevaa kofia ya kitambaa na ameshika bendera ndogo ya njano kwenye kijiti. Alizungumza Kiingereza, Kabula akawa ananitafsiria. Mimi aliniita "bác". Nikamuuliza binti yangu ni tusi gani hilo. Kabula akacheka. "Ni heshima, baba. Ni kama kusema baba mkubwa. Huku nao hawamwiti mtu mzima kwa jina tu."

Jambo la kwanza lililonifanya nimheshimu yule mama ni kwamba kila tukipanda garini alituhesabu. Hakuangalia juujuu. Alimgusa kila mmoja kwa macho, midomo ikisogea, na gari halikuondoka mpaka wametimia kumi na mmoja. Nkwabi alikuwa hivyo. Kila aliyeshuka duarani aliacha kijiwe chake kwenye sinia mdomoni pa shimo, na jioni Nkwabi alikaa na lile sinia mapajani mpaka cha mwisho kimechukuliwa.

Tulianzia mlimani penye hekalu lao, ambako sanamu jeupe la mama limesimama juu kabisa likitazama bahari. Bi Hoa alieleza kuwa wavuvi wanalitegemea liwalinde. Bahari niliiona. Ni maji mengi. Tukashushwa ufukweni kutazama mitumbwi yao iliyosukwa kwa mianzi, ya duara kama ungo, nami nikamwambia Kabula kwamba Msukuma hawezi kupanda ungo akaenda majini isipokuwa awe mchawi. Wazungu wakataka kujua kwa nini baba anacheka. Mjini pikipiki zilikuwa nyingi kiasi kwamba bodaboda wetu wote wa Shinyanga wangepotelea kwenye njia panda moja. Mpaka hapo nilikuwa mtalii mwema, na nilikuwa nimefurahi.

Kituo cha tatu kilikuwa vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katika tambarare, si mbali na pwani. Chini yake wamekaa mafundi wa kuchonga sanamu, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Ndani ya vilima kuna mapango, na moja wamelitengeneza lionyeshe kuzimu, jinsi watu wao wanavyoisimulia. Bi Hoa akainua bendera, watu wakaanza kuingia. Mimi nilisimama mlangoni.

"Baba, twende," alisema Kabula.

"Nani amelipima dari?"

"Baba, watu wanaingia hapa kila siku."

Sikubishana naye. Nilichukua mwavuli wake, nikasimama pale nilipopaamini, nikanyoosha mkono na kugonga juu kwa mpini wa chuma, kiganja ukutani. Wazungu wakatoa simu wakanipiga picha. Jiwe likalia vizuri, kwa sauti kali iliyokwenda mbali. Nikagonga tena hatua moja mbele. Likalia. Bi Hoa alingoja mpaka nimemaliza, akamwambia Kabula kitu.

"Anauliza kama limefaulu."

"Mwambie ni zima. Waingie."

Alinishukuru kwa kuinamisha kichwa, bila dhihaka. Tukaingia.

Ndani kuna daraja la kuvukia wafu, kuna mizani ya kupima matendo, kuna sanamu za wanaoadhibiwa. Wenzangu walipiga picha na kucheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, lakini pia sikuogopa, kwa maana nimewahi kukaa mahali peusi kuliko pale. Tulipofika ndani zaidi Bi Hoa aliomba watu wanyamaze wasikie matone ya maji. Hata watoto wa Kikorea walitulia. Tone lilisikika. Kisha nikasikia kitu kingine, kutoka ndani ya jiwe lenyewe.

Du, du, du. Kimya. Du, du, du.

Vijana wangu, sijui niwaelezeje. Nilijua kabisa ni mafundi wale wa chini wanachonga. Nilijua, na hapohapo sikujua. Mzungu mmoja alianza kuongea, nami nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Nyamazeni! Zimeni mashine!" Nikaangukia ukuta, nikaweka sikio. Nikaokota jiwe na kugonga mara tano. Nikangoja. Likaja jibu lilelile la mara tatu. Nikagonga tano tena.

Watu walitolewa nje polepole. Nilisikia viatu vyao vikiondoka. Nilibaki nimepiga magoti, Kabula akinivuta koti na kulia kwa aibu. Muda kidogo Bi Hoa akarudi peke yake. Bila shaka alihesabu garini akakuta kumi na mmoja hawajatimia. Hakunikemea wala kunishika mkono. Alipiga magoti kando yangu, akaweka kiganja chake ukutani karibu na changu, akasikiliza. Halafu akauliza neno moja.

Kabula akatafsiri. "Baba, anauliza ni nani yumo."

Nikasema, "Maduhu."

Maduhu alikuwa mwenzangu wa matimba miaka kumi na minne. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye kuimba vibaya kanisani kwa sauti kubwa. Alimwoa msichana wa Kolandoto, ambaye sasa mnamfahamu kama Mama Kulwa, na mapacha wake, Kulwa na Doto, walikulia mgongoni mwa Kabula huyuhuyu. Asubuhi ya siku ile duara letu la upande wa Bukombe lilikuwa na dalili mbaya, tukawatoa watu wote. Maduhu akarudi kusimika gogo la mwisho ili pasiporomoke zaidi. Paliporomoka yeye akiwa ndani.

Siku ya kwanza yote ilikwisha kwa kuusafisha mdomo wa shimo, kwa maana nao ulikuwa unamegeka. Siku ya pili, jua limepanda, nilifika kwenye bomba. Kompresa ikazimwa kidogo. Makarasha yakazimwa kilima kizima. Kilichobaki kinanguruma ni pampu kuukuu ya duara la jirani, na hiyo hatukuweza kuizima, kwa sababu maji yake yangetiririkia kwetu na kumzamisha Maduhu kama yupo. Pampu ile ilikuwa na ubovu wake. Ikivuta, iligonga mara tatu, ikapumzika, ikagonga tena. Kilima kizima tuliizoea.

Mama Kulwa alikuwa amekaa mkabala nami, ameuma pindo la kanga ili asitoe sauti. Watu mia walikuwa wamesimama wakinitazama mimi tu. Nikagonga mara tatu, nikaweka sikio.

Du, du, du. Kimya. Du, du, du.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa maana ndiyo sababu ya barua nzima. Ningefanya nini? Ningegonga mara tano. Hilo tu. Nigonge tano, nione nitarudishiwa ngapi. Pampu haijui kuhesabu, itaendelea na tatu zake. Mtu atarudisha tano. Nkwabi hakunifundisha hilo, lakini mtoto wa darasa la pili angeweza kulifikiri. Mimi sikulifikiri kwa sababu nilikuwa Sikio. Nilikuwa nimezoea kusikia mara moja na kusema. Watu mia walikuwa wananitazama, na nilitaka waone kwamba sihitaji kusikiliza mara mbili.

Nikainuka, nikajipangusa magoti. Nikasema, "Ni pampu. Hakuna mtu."

Mama Kulwa akaachia ile kanga mdomoni, akalia. Wanawake wote wakalia naye, na baada ya hapo hata bunduki isingesikika kwenye lile bomba. Dizeli ilikuwa ndogo, ikasemwa isipotee bure. Kompresa haikuwashwa tena. Dizeli yake ikamiminwa kwenye pampu ya jirani, ili maji yasitufikie tukichimba kumtoa maiti.

Siku ya nne tulifungua njia. Kwetu msimika matimba ndiye hutangulia kushuka, kwa hiyo nilitangulia peke yangu. Mwamba haukuwa umemgusa Maduhu. Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, kandokando ya bomba, jiwe lipo mkononi. Bomba lilikuwa limekwanguka mahali pamoja mpaka pakang'aa. Niliweka taa pale na kutazama, kisha nikamtoa lile jiwe kwenye vidole, nikalitia mfukoni, na kuwaita wengine. Nilipopanda juu nilimwambia mkewe, "Shemeji, mwamba ulimkuta palepale. Hakuteseka."

Nilisema hivyo miaka kumi na mmoja. Kila Krismasi nilikwenda kwake Kolandoto na mchele na nguo za watoto, nikapikiwa kuku, nikala. Na kila Krismasi, wakati wa kunawa mikono, aliniuliza swali lilelile, "Shemeji, kweli hakuteseka?" Nami nikajibu, "Hakuteseka." Nilidhani ni mazoea ya mjane kutaka kufarijiwa. Nikajiona mwema.

Haya yote nilimweleza Kabula nje ya pango, kwenye benchi la jiwe. Gari lilitungoja. Bi Hoa alisimama mbali akiwaeleza wazungu kitu, nadhani aliwadanganya kwamba nimepatwa na kizunguzungu. Kabula alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Umekula kuku wa Mama Kulwa, baba. Kila mwaka."

"Nilitaka apumzike."

"Wewe ndiye uliyepumzika." Aliinuka. "Na usinieleze mimi. Mimi siyo mke wake."

Ziara iliishia sokoni, kwenye bakuli za tambi pana zenye mchuzi wa njano. Bi Hoa alituhesabu mara ya mwisho hotelini, akatupa mkono mmoja mmoja, na mimi alinishika kwa mikono miwili. Alimwambia Kabula amtafsirie bác kwamba kuanzia kesho, akipitisha watu pale pangoni, atawanyamazisha kidogo zaidi. Nililia mbele ya mapokezi ya hoteli, mtu mzima na koti langu la kanisani.

Nilirudi nyumbani kabla ya siku zangu. Lile jiwe lilikuwa ndani ya soksi chini ya sanduku. Nikalitia kwenye mfuko wa rambo, nikapanda bajaji hadi Kolandoto. Haikuwa Krismasi, wala sikubeba mchele, kwa hiyo Mama Kulwa aliponiona getini alisimama wima na ndoo yake ya maji. Alikuwa anateka kwenye bomba la uani.

"Mwangaluka, Baba Kabula. Nani amekufa?"

"Mwangaluka, shemeji. Aliyekufa ni yuleyule."

Aliiweka ndoo chini, akafunga koki. Hatukuingia ndani. Nilimwambia pale pale tumesimama, kuanzia pampu mpaka dizeli. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye jiwe nililitoa, nikampa. Alilipokea, akaligeuzageuza. Nililingoja kofi. Nilikuwa nalihitaji lile kofi.

"Nilijua," alisema.

Sikumwelewa.

"Nilipelekwa chumba cha maiti nikamtambue, shemeji. Kichwa kizima. Kifua kizima, hata shati halijachanika. Mkono wa kulia ndio haukuwa na ngozi. Mtu aliyeangukiwa na kilima anakuwa hivyo?"

"Mbona hukusema?"

"Niliuliza! Kila Krismasi nilikuuliza. Nikasema moyoni, huyu alikuwa rafiki yake, mwaka huu atasema. Nikachinja kuku. Ukasema hakuteseka. Nikangoja mwingine." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilikuwa nakuuliza wewe, Sikio, na wewe unasikia mjane anayepiga soga."

Niliomba msamaha. Alisema, "Hiyo ya kuhesabu, sijaielewa. Nionyeshe."

"Shemeji, niache."

"Nionyeshe. Mimi ni Maduhu."

Akachutama kando ya bomba la maji. Akagonga kwa lile jiwe, du, du, du, akatulia na kunitazama. Mimi nilichutama upande wa pili. Sikuwa na kitu mkononi, nikavua pete yangu ya ndoa. Nikagonga tano.

Mama Kulwa aliinamisha kichwa kama anayesikiliza. Midomo ilisogea. Kisha akagonga, moja, mbili, tatu, nne, tano, akaacha.

Koki ilikuwa inadondosha maji kwenye ndoo. Alibaki ameshika jiwe juu ya bomba, akingoja, mpaka nikaelewa kwamba anangoja niseme neno, kama siku ile.

"Yupo," nikasema. "Yuko hai. Washeni kompresa."

Aliinuka, akajitwisha ndoo yake, jiwe likiwa bado mkononi.

"Ilikuwa ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu, shemeji."

"Muda wenyewe haujazi hata ndoo," alisema, akaingia ndani.